Nyasi za Simone Leigh: tumlaumu au tumuelewe kwanza

Kila picha za kazi za msanii wa sanamu Simone Leigh zikizunguka kwenye simu za watu wa sanaa huku kwetu lazima lije lalamiko moja, na mimi nimelisikia mpaka nalijua kwa moyo. Kwamba huyu dada wa Kimarekani kachukua nyumba za udongo za Cameroon, kachukua kinyago cha Guinea, kaongeza nyasi za kuezekea na simbi za baharini, kachanganya kachumbari yake akaipeleka kwenye maonesho ya sanaa ya Venice, Italia, wazungu wakasimama kupiga makofi na minada ikamwaga mamilioni, wakati mama wa Kikisi anayefinyanga vyungu pembeni ya Ziwa Nyasa anavipanga Jumamosi pale gulioni Lyulilo, Matema, na hakuna anayemuuliza hata jina.

Sio lalamiko la kijinga. Kuna kipande chake kina haki kabisa na nitafika huko, sitakikwepa. Ila naona wengi wanaolitoa wameangalia picha moja tu, ile ya banda la nyasi, wakamaliza, na hapo ndo nashindwa kunyamaza.

Kwa ambaye hajamfuatilia, kwa ufupi: Leigh kazaliwa Chicago 1967, wazazi Wajamaika, wamisionari, chuoni alisoma sanaa na falsafa huku mikono iko kwenye udongo, alafu akakaa miaka na miaka anaambiwa vyungu ni kazi ya mikono tu, sio sanaa ya maana. Wengi walimjua 2019 baada ya Brick House, sanamu ya shaba nyeusi yenye karibu mita 5, kupandishwa kwenye High Line, ile reli ya zamani ya New York iliyogeuzwa bustani ya juu. 2022 akawa mwanamke Mweusi wa kwanza kuiwakilisha Marekani kwenye Biennale ya Venice, na mwaka huohuo akachukua tuzo ya Simba wa Dhahabu kwenye maonesho makuu. Mengine nayaruka.

Tuanze na nyasi basi, maana ndo zinazowakera watu. Banda la Marekani pale Venice limejengwa 1930, jengo la heshima lenye nguzo mbele, staili ya Monticello, nyumba ya Thomas Jefferson, yule aliyeandika kwamba watu wote wameumbwa sawa huku shambani kwake mamia ya watumwa wanamfanyia kazi. Leigh hakulibomoa wala hakulipaka rangi, alilivika. Paa na sehemu ya mbele vikafunikwa nyasi nene za kuezekea, chini zikasimamishwa nguzo za miti, ukifika pale ile fahari ya Jefferson imepotelea ndani, unaona kibanda kikubwa cha "Kiafrika", na hizo alama nimeziweka makusudi kwa sababu hakuna kijiji mahali popote Afrika ambacho watu wanajenga hivo hasa. Kazi yenyewe inaitwa Façade.

Picha hiyo nilimuonesha mzee mmoja fundi wa makuti, mtu aliyeezeka hoteli za ufukweni tangu ujana wake, akaikodolea macho alafu akaniuliza, "Hii hoteli ya wapi, mwanangu?" Nikamwambia sio hoteli. Akaniuliza tena, nyasi hizo zitakaa miaka mingapi na nani atarudi kuezeka upya zikioza. Nikamwambia ni za miezi tu, maonesho yakiisha zinashushwa. Mzee akacheka sana.

Na mzee alikuwa sahihi, hoteli ndo jambo lenyewe. Nyasi za Venice hazitokani na kijiji, zinatokana na maonesho. Mwaka 1931 Wafaransa walifanya Maonesho ya Kikoloni kule Vincennes, Paris, yakatembelewa na mamilioni ya watu, kila koloni likajengewa banda lake, minara ya udongo ya Afrika Magharibi, mapaa ya nyasi, kopi ya hekalu la Angkor Wat la Kambodia, na watu waliosafirishwa kutoka makoloni wakakaa mle wanatazamwa. Sasa kuna kitu kimoja watu hawakisemi: Marekani nayo ilikuwepo. Ilijenga nini? Ilijenga kopi ya Mount Vernon, nyumba ya George Washington, ambayo nayo ilikuwa shamba la watumwa. Yaani kwenye maonesho hayohayo upande mmoja Mwafrika anaoneshwa kama mtu wa nyasi na udongo, upande wa pili nyumba ya mwenye watumwa inaoneshwa kama ustaarabu wa taifa. Leigh alichofanya ni kulichukua hili la kwanza akaliweka juu ya lile la pili, akawaambia watazamaji wa Ulaya haya, hizi hapa nyasi zenu, mlizijenga nyinyi.

Kwa hiyo anayesema "kawaonesha wazungu kwamba sisi tunaishi kwenye nyasi" amesoma kinyume. Hiyo ni kejeli. Nakubali kejeli ina hatari zake, picha ikitoka Venice bila maelezo inakuwa kibanda tu, na kwa sisi wa pwani ambao mtalii anakuja anakuta mapokezi ya makuti na viyoyozi vyumbani, alafu anaambiwa hii ndo asili, inauma kidogo kuona nyasi tena. Lakini hatari ya kutoeleweka haimfanyi mtu kuwa mwizi.

Sasa tuje kwenye kachumbari yenyewe, lile la kuchanganya. Hapa mfano mzuri ni Brick House kwa sababu vyanzo vyake vinajulikana. Chini ni sketi na hapohapo ni nyumba, juu ni kifua na kichwa cha mwanamke, nywele za afro pamoja na misuko inayoishia kwenye simbi, na uso hauna macho kabisa, pale macho yanapotakiwa kuwepo ni laini tu. Ile sketi-nyumba imetoka kwenye teleuk za watu wa Mousgoum, mpakani mwa Cameroon na Chad, nyumba za udongo ndefu zenye umbo la yai, ukutani nje zina mistari ya udongo iliyoinuka, na mistari hiyo sio urembo, ndo ngazi ya fundi anapopanda kujenga na kukarabati na ndo inayoyavunja nguvu maji ya mvua. Chanzo cha pili ni nyumba za Batammaliba, Togo na Benin, ngome za udongo ambazo UNESCO iliziweka kwenye urithi wa dunia, za upande wa Togo 2004, na wenyewe wanazihesabu kama mwili, nyumba ina mdomo, ina tumbo. Mpaka hapa mlalamikaji anasema umeona, Cameroon na Togo ndani ya sketi moja.

Ila kuna cha tatu, na cha tatu ndo kila mtu anakiruka. Ni Mammy's Cupboard, mgahawa wa barabarani Natchez, Mississippi, uliojengwa 1940 kwa umbo la mwanamke Mweusi mnene, mtumishi, na wateja wanaingia kula ndani ya sketi yake. Upo mpaka leo, isipokuwa baada ya enzi za haki za raia wakaipaka ile sanamu rangi nyepesi zaidi. Fikiria hapo. Kuna watu Afrika waliojenga nyumba kwa kuifikiria kama mwili, kwa heshima, na kuna watu Mississippi waliochukua mwili wa mama Mweusi wakaufanya jengo la kuuzia chakula. Leigh kaviweka vyote kwenye sanamu moja. Ukikitoa hicho cha tatu, kweli inabaki kachumbari. Ukikiacha, hiyo sio tena habari ya nani anamiliki umbo la Cameroon, ni habari ya mwanamke Mweusi kugeuzwa jengo, mara mbili, kwa sababu mbili zisizofanana hata kidogo.

Alafu hili la "achague kabila moja" mimi linanishangaza kuliko yote. Wazazi wake wa Jamaika. Jamaika walipelekwa watu kutoka ile iliyoitwa Gold Coast, kutoka Biafra, kutoka Kongo, wakachanganywa melini, wakachanganywa mashambani, majina yakabadilishwa, lugha zikapigwa vita. Leo mjukuu wao akishika udongo mnataka achague kabila lipi? Mtu aliyechanganywa kwa nguvu akichanganya anaambiwa hana heshima. Sisi wenye vijiji vya kwenda kuzika ndo tunamwambia hivyo, na sijui kama tunasikia tunavyosikika.

Na tuone upendeleo wetu. Magdalene Odundo, kazaliwa Nairobi 1950, ndo mfinyanzi mkubwa kuliko wote aliyetoka huku kwetu, na sisi tunajivunia, kwa haki. Odundo alikwenda Abuja ya zamani (leo Suleja), Nigeria, miaka ya 1970 akajifunza kwenye kile kituo cha mfinyanzi Mwingereza Michael Cardew alipokuwa Ladi Kwali, yule mama wa Kigwari ambaye picha yake iko nyuma ya noti ya naira 20. Vyombo vya Odundo vinafinyangwa kwa mkono bila gurudumu, vinasuguliwa mpaka vinang'aa bila kupakwa glezi yoyote (ule utando wa kung'aa kama kioo), vinachomwa vikiwa vyekundu, na ukivirudisha kwenye moto ulionyimwa hewa pamoja na vipande vya kuni vinatoka vyeusi ti. Na ndani ya maumbo yake kuna Nigeria, kuna Kenya, kuna Ugiriki ya kale, kuna wafinyanzi wa Pueblo wa New Mexico. Sijawahi kusikia mtu wa Nairobi anasema Odundo kaiba New Mexico. Kwa hiyo kuchanganya sio tatizo, tatizo ni nani anachanganya.

Wapo watakaonijibu, na jibu lao sio baya, kwamba Odundo chungu chake kinabaki chungu na kinatoka mikononi mwake, wakati Leigh ana karakana, ana wasaidizi, na yale masanamu makubwa yanamiminwa shaba kwenye kiwanda kule Philadelphia, kwa hiyo ule wimbo wa "vitu vya asili" kidogo una chumvi. Sawa. Ila hata sanamu za shaba kwake zinaanzia kwenye udongo, Brick House ilifinyangwa kwa udongo kwa ukubwa wake wote kabla ya kumiminwa. Na nyuzi za mwale anazitumia zikiwa mwale, zile sketi kubwa za nyuzi ambazo juu yake anakalisha kichwa cha udongo au simbi moja kubwa.

Simbi. Hapa naomba nikae, kwa sababu hapa ndo naona watu hawajamsoma kabisa, na ni mahali ambapo sisi wa pwani tungepaswa kumsoma kuliko mtu yeyote.

Watu wanaona simbi wanasema urembo wa Kiafrika, kitu cha kwenye nywele na bangili. Simbi ilikuwa pesa. Zilitoka Maldives, kwenye Bahari yetu ya Hindi, zikapelekwa India, zikapakiwa melini kama uzito wa kutuliza meli, zikafika London na Amsterdam, zikauzwa huko, zikapakiwa tena kwenda Afrika Magharibi, na huko zikanunua watu. Miaka ya 1680 kwenye Ghuba ya Benin mtu mmoja alinunuliwa kwa simbi kama elfu 10. Miaka ya 1770 bei ilikuwa imepita laki moja na nusu. Simbi ndogo ya Maldives ina uzito wa gramu moja na kidogo. Piga hesabu, mimi niliipiga nikairudia kwa sababu sikuamini: laki moja na nusu ni zaidi ya kilo 150. Mtu mzima mwenye afya ana kilo 60, 70. Pesa iliyomnunua ilikuwa nzito mara mbili yake. Haikuwezekana mtu mmoja kuibeba, ilibidi wapagazi, na pengine hao wapagazi nao siku moja walihesabiwa kwa simbi vilevile. Na zilihesabiwa kweli, kwa mkono, sakafuni, mpaka maelfu, kuna mtu alikuwa na kazi ya kukaa chini anahesabu magamba ya baharini huku anayehesabiwa kasimama pembeni. Mi sijui unaibebaje picha hiyo alafu unarudi kuita simbi urembo.

Na mnyororo huo una kamba yetu. Miaka ya 1840 kampuni ya Hertz ya Hamburg ikagundua simbi za Zanzibar na mwambao, hizi kubwa kidogo zenye pete ya manjano mgongoni ambazo watoto wetu wanaokota bahari ikikupwa, ikaanza kuzipeleka Afrika Magharibi kwa shehena. Zamani hizo biashara ya kule ilikuwa imeshaanza kuelemea kwenye mafuta ya mawese, lakini pesa ilikuwa ileile, na simbi zetu zikamwagwa kule kwa wingi mpaka thamani ya simbi ikaporomoka, mtu aliyeweka akiba maisha yake yote akaamka ana magamba tu. Walioinama kuziokota ufukweni ni watu wa huku. Kwa hiyo mtu wa Bagamoyo au Unguja akisema Leigh kachukua "vitu vya Afrika Magharibi" ajue kwamba kile kitu kilipita mikononi mwa bibi zake kabla.

Sasa rudi uangalie Leigh anaifanyia nini simbi. Anachukua tikiti maji analifanya kalibu, udongo unatoka na umbo la tikiti, unapasuliwa ule mpasuo wenye meno, inachomwa, inakuwa simbi kubwa kama tumbo. Tikiti maji Marekani ni tusi, ni tunda ambalo kwa zaidi ya miaka 100 limechorwa kwenye vikaragosi vya kumdhihaki mtu Mweusi. Yaani kachukua tusi la Kimarekani akalitumia kama kalibu ya kutolea ile pesa iliyowanunua mababu zake, na kaifanya kubwa hivyo kwamba haihesabiki tena kwa maelfu, iko moja, unasimama mbele yake inakulingana kifua. Hakuna maelezo ukutani yanayohitajika kwa anayeijua hesabu ya kilo 150. Kwa asiyeijua ni gamba kubwa zuri, ndo maana nasema aliyelaumu kwanza angesoma kwanza.

Mwaka 2019 wapo wachambuzi Wamarekani waliosema kazi zilizokuwa kwenye Whitney Biennial, maonesho ya sanaa ya New York, zimepoa, hazina ukali wa kutosha, Leigh akawajibu Instagram waziwazi kwamba tatizo ni wao hawana elimu ya kuutambua huo ukali. Jibu la kiburi? Kidogo, ndio. Amekuwa akisema siku zote kwamba anafanya kazi kwanza kwa ajili ya wanawake Weusi, wengine wakaribishwe wakitaka. Na sio maneno matupu, 2014 alifungua zahanati ya bure ya muda Brooklyn kama kazi ya sanaa, na 2016 kule New Museum akafanya The Waiting Room, mitishamba na tiba, kwa kumkumbuka Esmin Elizabeth Green, Mjamaika aliyekufa sakafuni 2008 kwenye hospitali ya Kings County baada ya kusubiri saa 24 bila kuhudumiwa.

Udongo nao una stori yake, na sio ya Afrika moja kwa moja. South Carolina, wilaya ya Edgefield, karne ya 19, watumwa walifinyanga majagi kwa maelfu, ya kuhifadhia nyama na mafuta ya nguruwe ya mashamba. Mmoja alikuwa David Drake, aliandika mashairi na jina lake kwenye mitungi yenye ukubwa wa kumeza mtoto, kwenye jimbo ambalo sheria ya 1834 ilikataza mtumwa kufundishwa kusoma na kuandika. Kwenye mtungi mmoja wa 1857 anajiuliza ndugu zake wako wapi wote. Mwaka uliofuata, 1858, meli ya Wanderer ikashusha Georgia kinyume cha sheria watu kama 400 waliotolewa Kongo, baadhi wakafikishwa Edgefield, na kipindi kilekile yakaanza kuonekana pale majagi madogo yenye sura za watu, macho na meno ya udongo mweupe wa kaolini, udongo ambao Wakongo wanauhesabu wa wafu. Hayo ndo majagi ambayo Leigh anayajibu, na 2022 makumbusho ya Met ya New York iliweka kazi yake kwenye maonesho pamoja na hayo ya Edgefield. Kwenye maonesho hayo alikuwepo pia Adebunmi Gbadebo, binti mdogo kuliko yeye, ambaye anachimba udongo kwenye makaburi ya shamba la True Blue, Fort Motte, South Carolina, walipozikwa watu wa ukoo wake waliokuwa watumwa, anaufinyanga huohuo. Gbadebo hakuna anayemuuliza kitu, kaburi la babu yake analo. Leigh hana hilo kaburi, anafanya kwa njia nyingine.

Haya, pesa. Sanamu yake moja ilipita dola milioni 2 Sotheby's 2022, nyingine ikapita milioni 3 mwaka uliofuata, na hapa watu wanachemka. Ila mnada ni mauzo ya pili. Anayepata ile pesa ni tajiri aliyeinunua mapema, na Marekani haina sheria ya taifa ya kumrudishia msanii asilimia kazi yake ikiuzwa tena. Leigh hana njaa, najua, galeri kubwa zinamuuza. Lakini kumbebesha yeye milioni 3 za mwenye mali halafu kumlinganisha na mama wa Lyulilo ni hesabu mbovu, hasa ukizingatia kwamba anayemshusha bei mama wa Lyulilo ni mimi na wewe, tunambana kwa mia tano.

Hata kinyago kile cha Guinea. Satellite, ile sanamu ya zaidi ya mita 7 iliyosimama mbele ya banda Venice, imetokana na D'mba ya watu wa Baga, kichwa na matiti makubwa anavyobeba mcheza ngoma huku mwili wake umefichwa kwa nyuzi za mwale, na Leigh pale juu kichwa kakiondoa kaweka dishi, kama la satelaiti. Watu wanalia D'mba yetu imechukuliwa. Imechukuliwa na nani? Miaka ya 1950 wahubiri na baadaye serikali ya Sékou Touré, rais wa kwanza wa Guinea, waliendesha kampeni ya kufuta ibada za jadi, vinyago vikaharibiwa, vingi vikawa vimeshaondoka kwenda makumbusho za Ulaya. Leigh kakikuta makumbusho. Waliokitoa kijijini wana majina na wengi wao ni wetu.

Sasa nifike kwenye kile kipande nilichosema kina haki, na hapa sina utetezi. Ni majina. Leigh ana kazi inaitwa Anonymous. Imetokana na picha aliyopiga mzungu mmoja, James Palmer, kule Aiken, South Carolina, 1882: mwanamke Mweusi kakaa mezani, mbele yake jagi la sura ya mtu limechomekwa alizeti, picha ya dhihaka ya kumcheka mwandishi Oscar Wilde aliyekuwa anazunguka Marekani mwaka huo. Mwanamke yule hakuna aliyeandika jina lake. Leigh kamtoa kwenye ule mzaha kamfinyanga upya mkubwa, kamuegemeza kwa utulivu, na kwa kuiita kazi "asiye na jina" anatulazimisha tuone kwamba kuna mtu aliamua jina lake halina maana. Kafanya hivyo pia kwa Last Garment, mwanamke wa Jamaika aliyepigwa picha anafua mtoni 1879 na picha ikageuka ya kuuzia utalii, Leigh kamuinamisha juu ya maji kwa shaba nyeusi.

Vizuri sana. Ila kwa Afrika anasema Mousgoum, anasema Batammaliba, anasema Baga, yanabaki majina ya watu wote kwa pamoja, hakuna fundi hata mmoja. Anayejua kukanyaga ile mistari ya teleuk akiwa na udongo begani ana jina, na baadhi yao wako hai. Makumbusho yenye pesa za kusafirisha tani mbili na nusu za shaba ingeweza kumtuma mtu Pouss, Cameroon, akaulize. Najua utetezi upo, kwamba Leigh naye anafanyia kazi picha za kikoloni na vitabu, na waliopiga picha hizo miaka 100 iliyopita ndo walioanza kutoandika majina. Sawa, lawama inaanzia kwao. Lakini yeye ndo katufundisha kusimama mbele ya picha ya zamani na kuuliza huyu mama anaitwa nani. Akigeukiwa na swali hilohilo na watu wa Pouss asishangae.